Dawa Inayojua Kituo Chake

Mchana bwaloni mmekula makande. Jioni, wakati wa prepo, darasa limetulia, mara tumbo lako linaanza kunguruma kama lori la mbao linalopanda Kitonga. Jirani yako anacheka. Wa nyuma anafungua dirisha. Unatamani ardhi ipasuke.

Usione haya. Kinachotokea tumboni mwako ni sayansi, tena sayansi ambayo wataalamu wa dawa wameiiga ili kutibu magonjwa mazito. Soma hadi mwisho, maana habari hii inahusu pia kidonge utakachopewa siku utakapougua, na kosa ambalo vijana wengi hulifanya mara tu wakifika bwenini na dawa mkononi.

MAHARAGE YANAPOFIKA MWISHO WA NJIA

Chakula chetu cha kila siku huku Mbeya na Iringa ni mahindi, maharage, viazi, ndizi za Tukuyu na mboga za majani. Vyote hivi vina kitu kinachoitwa polisakaraidi. Neno ni refu lakini maana yake ni nyepesi: ni sukari nyingi ndogondogo zilizounganishwa kama shanga kwenye uzi. Wanga wa ugali ni polisakaraidi. Nyuzinyuzi za pumba ya mahindi nazo ni polisakaraidi. Ute wa bamia na mlenda, ule unaovutika kama kamba, ni polisakaraidi pia. Na ile pektini inayofanya jemu ya machungwa au ya pasheni igande, vilevile.

Sasa, mwili wako una vimeng'enya vya kukata baadhi tu ya nyuzi hizi. Wanga wa ugali unakatwa vizuri, kuanzia na mate mdomoni, kisha kwenye utumbo mwembamba. Lakini nyuzinyuzi, pektini na ute wa bamia? Mwili wa binadamu hauna mkasi wa kuzikata. Pia maharage yana sukari fulani zenye minyororo mifupi ambazo nazo zinatushinda. Hivyo vyote vinapita vizima hadi utumbo mpana.

Huko vinakutana na wenyeji. Utumbo mpana ni makazi ya bakteria wengi ajabu: katika gramu moja tu ya uchafu wa humo wanaweza kufika bilioni 100. Wengi wao si maadui. Wana vimeng'enya ambavyo wewe huna, na kile kilichokushinda wewe kwao ni karamu. Wanakikata, wanakichachusha, na katika kuchachusha wanatoa gesi pamoja na asidi laini ambazo utumbo wako unazitumia kama chakula. Gesi ndiyo ile iliyokuaibisha kwenye prepo.

Shika jambo hili moja: kuna vitu ambavyo tumbo haliwezi kuvivunja, utumbo mwembamba hauwezi, lakini bakteria wa utumbo mpana wanaviweza. Hapo ndipo ujanja wote ulipo.

SAFARI YA MBEYA HADI IRINGA

Hebu fikiria dawa ni abiria. Amepanda basi stendi ya Mbeya, hapo ndipo mdomo. Uyole ni mfuko wa tumbo. Kuanzia Chimala, Igawa hadi Makambako ni utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa mita 6 hivi. Mafinga mpaka Ipogolo ni utumbo mpana, wenye urefu wa kama mita 1.5.

Uyole pana vurugu. Tumbo lina asidi kali. pH yake huwa kati ya 1 na 3, na dawa nyingine zinaharibika hapo hapo. Ukipita hapo unaingia utumbo mwembamba, ambako ukali wa asidi unapungua, na dawa nyingi zinashuka. Zinapenya ukuta wa utumbo, zinaingia kwenye damu na kusambaa mwili mzima. Kwa dawa ya malaria au ya kichwa hilo ndilo tunalolitaka. Safari katika utumbo mwembamba huchukua kama saa 3 hadi 4.

Lakini je, kama ugonjwa uko Mafinga? Kama shida iko kwenye utumbo mpana wenyewe, na dawa imeshuka Makambako? Hapo inabidi dawa izunguke na damu mwili mzima ndipo kidogo kifike panapouma. Wakati huo huo ini linaipata, ubongo unaipata, ngozi inaipata, hata kama hivyo vyote ni vizima. Ndiyo maana dawa nyingine zinakuletea kichefuchefu, kizunguzungu au ladha ya chuma mdomoni. Ni sawa na kumwaga ndoo nzima ya maji uwanjani ili kumwagilia mche mmoja.

NANI ANAHITAJI DAWA YA KUFIKA HUKO?

Chukua mfano wa amiba. Mdudu huyu anayesababisha kuhara damu anaishi katika utumbo mpana. Dawa yake inayojulikana sana ni metronidazoli, ile ambayo watu wengi huiita Flagyl. Metronidazoli inanyonywa karibu yote kuingia kwenye damu kabla haijafika utumbo mpana. Inawamaliza vizuri amiba waliokwisha kuingia kwenye nyama ya utumbo au ini. Lakini wale waliojificha katikati ya utumbo, wakiwa wamejifunga kwenye magamba yao, wanaweza kubaki. Ndiyo sababu daktari anaweza kuongeza dawa ya pili, kama vile diloksanaidi au paromomaisini, inayofanya kazi ndani ya utumbo wenyewe.

Mfano mwingine ni ugonjwa wa muda mrefu wa vidonda na uvimbe katika utumbo mpana. Huu unaweza kumkamata hata kijana. Mgonjwa anaharisha damu kwa wiki nyingi, anapungua uzito, anakosa shule. Dawa za kutuliza uvimbe zikisambaa mwili mzima kwa muda mrefu zinaweza kuleta madhara yake. Afadhali zifike pale pale penye kidonda.

Lakini usidhani kila dawa ya tumbo inapaswa kufika utumbo mpana. Minyoo ya kichocho cha tumbo wakubwa wanakaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Kwa hiyo prazikwanteli, vile vidonge vikubwa vya kichocho vinavyogawiwa mashuleni, lazima iingie kwenye damu. Kila dawa na kituo chake.

UJANJA WENYEWE

Sasa rudi kwenye makande. Wataalamu walijiuliza: kama nyuzinyuzi za maharage zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko bakteria wanazivunja, kwa nini tusiifunge dawa ndani ya kitu cha namna hiyo?

Hivyo ndivyo ilivyo. Unachukua dawa, unaizungushia polisakaraidi ya asili, au unaichanganya nayo na kuishindilia iwe kidonge. Ukimeza, asidi ya tumbo inakipiga, hakifunguki. Vimeng'enya vya utumbo mwembamba vinakisonga, navyo vinashindwa. Kinafika utumbo mpana, bakteria wanaona chakula, wanaanza kutafuna ukuta, na dawa inatoka. Umeona? Wale wale waliokuaibisha kwenye prepo wamekuwa makonda. Wao ndio wanaogonga bodi ya basi na kusema, "Shusha!"

Wazo la kuwatumia bakteria halikuanza jana. Mapema miaka ya 1940 daktari mmoja mwanamke wa Sweden, Nanna Svartz, alitumia dawa iitwayo sulfasalazini. Ilikusudiwa kwa wagonjwa wa viungo, lakini ikaonekana inawasaidia pia wenye vidonda vya utumbo mpana. Dawa hiyo ni molekuli mbili zilizofungwa pamoja, na bakteria wa utumbo mpana ndio wanaolikata fundo. Bado inatumika hadi leo. Hapo kifungio si polisakaraidi, lakini akili ni ile ile.

Halafu wakaja watu wa mimea. Huko India kuna jamii ya kunde iitwayo guar. Mbegu zake zikisagwa zinatoa unga ambao ukipata maji unavimba na kuwa ute mzito. Kidonge kilichotengenezwa kwa gundi hiyo kinajivika koti la ute mara kinapolowana, na dawa iliyo katikati inabaki ndani. Mwaka 1998 watafiti wa India walichapisha majaribio ambamo watu wenye afya walimeza vidonge vya namna hiyo, na kamera maalumu ikafuatilia safari yake tumboni. Zilitoka chembe kidogo tu juu ya koti wakati kidonge kikiwa tumboni na kwenye utumbo mwembamba, na sehemu kubwa ya mzigo ikashuka utumbo mpana.

Je, Afrika tumekaa tu? Hapana. Mwaka 2005 Oluwatoyin Odeku wa Chuo Kikuu cha Ibadan, Nigeria, pamoja na mwenzake Fell, walichapisha majaribio ya maabara juu ya gundi za miti miwili ya Afrika, mmoja wa jamii ya Khaya na mwingine wa jamii ya Albizia. Wa Khaya ni ndugu wa mkangazi wetu. Gamba la mti likijeruhiwa, gundi inachuruzika na kukauka. Walivika vidonge koti la gundi hizo na kuona kwamba koti linaweza kuilinda dawa, kisha likavunjwa na vitu vilivyotoka katika utumbo wa panya, wenye bakteria.

Na mahindi nayo yamo. Wanga wa mahindi ya kawaida una sehemu mbili, na moja yake, inayoitwa amilosi, ni kama robo ya wanga wote. Ukiitengeneza kwa namna fulani inakuwa ngumu kama kioo na vimeng'enya vyetu havigusi. Watafiti wa London katika miaka ya 1990 walichanganya amilosi hiyo na plastiki isiyoyeyuka, wakapaka juu ya vidonge. Ni kama ukuta wa matofali uliojengwa kwa udongo: bakteria wanakula udongo, matofali yanabaki na matundu, dawa inapita. Katika miaka ya karibuni kidonge kimoja cha dawa ya vidonda vya utumbo mpana, ambacho koti lake lina wanga sugu wa namna hii, kimeruhusiwa kutumika katika nchi za Ulaya.

MAHINDI DHIDI YA KIPINDUPINDU

Wakati mwingine polisakaraidi haibebi dawa. Yenyewe ndiyo inageuka dawa. Mwaka 2000 madaktari wa Vellore, India, walitoa matokeo ya kuwatibu vijana na watu wazima 48 wenye kipindupindu. Baadhi yao walipewa maji ya chumvi na sukari ya kawaida, yaani ORS. Wengine walipewa ORS iliyoongezwa wanga sugu wa mahindi, gramu 50 kwa kila lita. Waliopata wanga huo walipoteza maji kidogo zaidi na kuharisha kwao kukaisha mapema.

Kwa nini? Bakteria waliuchachusha ule wanga, wakatoa zile asidi laini tulizozitaja. Asidi hizo zinausaidia ukuta wa utumbo mpana kunyonya chumvi, na chumvi ikiingia maji yanaifuata. Kwa mtu wa kipindupindu, maji ndiyo uhai.

Lakini sikiliza vizuri: usiende kukoroga sembe au dona mbichi kwenye ORS. Wanga uliotumika ulitokana na aina maalumu ya mahindi yenye amilosi nyingi, tena kwa kipimo. Unga mbichi wa jikoni si huo. Wewe tumia ORS kama ilivyoandikwa kwenye pakiti.

KAMA NI RAHISI HIVYO, MBONA HAZIJAJAA MADUKANI?

Swali zuri. Ziko sababu.

Kwanza, gundi ya mti si kama chumvi ya dukani. Ya msimu wa mvua inaweza kuwa tofauti na ya kiangazi, na ya mti huu tofauti na ya mti ule. Kiwanda cha dawa kinataka kila kidonge kifanane na mwenzake.

Pili, polisakaraidi nyingi zinapenda maji mno. Zinavimba mapema na dawa inaanza kuvuja njiani. Ndiyo maana mara nyingi zinachanganywa na kitu kingine.

Tatu, makonda wetu, yaani bakteria, hawafanani kwa kila mtu. Ukiwa umemeza antibaiotiki wanapungua. Ukiwa unaharisha sana, basi linapita mbio bila kusimama na kidonge kinaweza kutoka kizima.

Na chakula nacho kinabadilisha mwendo wa safari. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, alichapisha mwaka 1972 pamoja na wenzake vipimo vya muda ambao chakula hukaa mwilini. Kwa wanakijiji wa Uganda waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi ilikuwa kama saa 36 hivi. Kwa wanafunzi wa bweni wa Uingereza ilizidi saa 70. Kidonge kilichopangiwa ratiba ya mla mikate laini kinaweza kukuta ratiba tofauti kabisa kwa mla makande. Kwa hiyo dawa hizi zinahitaji kupimwa kwa watu wetu pia, na kazi hiyo inawasubiri ninyi mnaosoma baiolojia na kemia sasa hivi.

SASA, HII INAKUHUSU NINI WEWE?

Inakuhusu sana. Si lazima usubiri vidonge vya gundi ya mkangazi. Hata leo kuna vidonge vyenye koti maalumu kwenye maduka ya dawa ya Mwanjelwa na Iringa mjini. Kuna koti la kuilinda dawa isiharibiwe na asidi, kuna la kulilinda tumbo lisichomwe na dawa, na kuna la kuitoa dawa polepole. Shika haya:

1. Usivunje, usisage wala usitafune kidonge bila kuuliza. Wengi wanasema, "Kikubwa, kinanikaba," wanakitwanga na kukikoroga kwenye chai. Kama kina koti, umelivua kabla ya safari. Dawa inaweza kuharibika Uyole, au ikamwagika yote kwa mpigo na kukudhuru. Vivyo hivyo usifungue kapsuli na kumwaga unga wake. Kama huwezi kumeza, mwambie mfamasia au muuguzi. Mara nyingi kuna dawa ya maji au njia nyingine.

2. Choo chenye damu si mambo ya kujitibu. Watu wanasema haraka, "Ni amiba hiyo, meza Flagyl." Huenda si amiba kabisa. Mara nyingi kuhara damu husababishwa na bakteria waitwao shigela, na dawa yake ni nyingine. Nenda zahanati au kituo cha afya wapime choo. Najua kumwambia matroni au patroni kuhusu choo ni aibu. Lakini aibu ni ya dakika tano, na upungufu wa maji na damu unaweza kuua.

3. Usigawane vidonge bwenini. Rafiki yako akikupa vidonge vitatu vilivyobaki, yeye hakumaliza dozi na wewe hujapata dozi. Mnaobaki na ushindi ni wadudu, waliojifunza kuizoea dawa. Pia mmewaua bakteria wazuri bure.

4. Ukipewa metronidazoli, kaa mbali na pombe, hata ulanzi. Vinaweza kukutapisha na kukuumiza kichwa vibaya.

5. Ukiharisha, anza na maji. Koroga ORS kwa maji safi, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Kama choo ni kama maji ya mchele na kinatoka bila kukoma, hiyo yaweza kuwa kipindupindu. Usingoje kesho, wahi kituo cha afya huku ukiendelea kunywa ORS njiani.

6. Walishe bakteria wako wazuri. Maharage, dona, mboga, parachichi, ndizi za kupika. Hata kiporo cha viazi au ugali kina faida yake, kwa sababu wanga ukipoa sehemu yake inageuka kuwa sugu na kuwafikia wao. Ila kiporo kihifadhiwe vizuri, kifunikwe, na kipashwe moto hadi kichemke. Kiporo kilichoanza kuchacha tupa.

JARIBU MWENYEWE

Chukua ndizi mbili za aina moja, moja mbichi kabisa na moja iliyoiva sana. Kata kipande cha kila moja. Mwombe mwalimu wa baiolojia matone ya ayodini, udondoshee juu. Mbichi itageuka bluu nyeusi, kwa sababu imejaa wanga, na sehemu kubwa ya wanga wa ndizi mbichi ni sugu kwa vimeng'enya vyetu. Iliyoiva itabadilika kidogo tu, maana wanga wake mwingi umekwisha kuwa sukari. Usile vipande vyenye ayodini.

Kisha jadilini darasani: kati ya ndizi hizo mbili, ipi ingefaa zaidi kutengenezea koti la kidonge kinachotakiwa kufika utumbo mpana? Na je, mgonjwa aliyetoka kumaliza dozi ya antibaiotiki angefaidika na kidonge hicho kama mwingine? Andikeni sababu zenu, mmwonyeshe mwalimu.